Wifi Yangu Hakunipa Sumu

Nina ugonjwa wa sukari. Huu ni mwaka wa tano tangu niambiwe, na kwa miaka minne kati ya hiyo nilisema sina. Nilimwambia mume wangu sina, nikamwambia dada yangu, nikamwambia binti yangu anayesomea mambo ya meno, na siku moja nilimwambia hivyo hivyo daktari aliyekuwa ameshika mkononi kipimo kinachosema ninao. Kukana huko kumeninyang'anya meno mawili na kuniachia figo ambazo daktari wangu huzitaja kwa sauti ya fundi anayezungumzia gari la zamani. Hayo ni yangu, niliyatafuta mwenyewe. Lakini yupo mtu mwingine aliyeumia kwa ajili ya uongo huo, naye hakuwa mgonjwa wa kitu chochote. Ni Furaha, mdogo wa mume wangu. Kwa miezi minne jamaa zake wa Masisi na jamaa zangu wa Butembo, watu ambao hawajawahi kupatana hata juu ya namna ya kupika maharage, walipatana kwamba Furaha alinilisha sumu. Nilikuwa na neno moja la kumtoa humo. Nilikaa nalo.

Naandika kwa sababu homa imekwisha na mkono unaweza tena kushika kalamu. Naandika pia kwa sababu, kila Jumanne ninapokaa kwenye benchi la wagonjwa wa sukari, huwaona wenzangu wakiingia wakiwa wamefunika kadi zao kwa kitambaa, kama mtu anayebeba nyama siku ya Ijumaa Kuu. Nawajua. Mimi nilikuwa mkuu wao.

Mara ya kwanza niliambiwa katika kituo kidogo cha afya karibu na kwetu, Katoyi. Nilikuwa nimekwenda kwa sababu ya kuwashwa mwili. Muuguzi alinichoma kidole, akatazama, akanichoma kingine, kisha akasema, "Mama, sukari yako iko juu sana. Urudi kesho asubuhi bila kula kitu." Nilimshukuru kwa Kifaransa kizuri. Sikurudi kesho, wala kesho yake.

Mkiuliza kwa nini, nina majibu mengi, na yote ni ya aibu. Nilidhani sukari ni ugonjwa wa wanaume wenye tumbo na gari. Nilidhani mtu aliyesoma chuo kikuu hapatwi na kitu ambacho anaweza kukieleza. Halafu nilianza kukonda, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, kwa sababu watu walinisifu. Nina miaka hamsini kasoro miwili. Ni nani mwingine wa umri huo anayeambiwa sokoni, "Mama Grâce, unafanya sport gani?" Nilijibu kwamba ninatembea kwa miguu. Ilikuwa kweli. Nilitembea sana, hasa kwenda chooni.

Ninafundisha Kifaransa katika chuo kimoja hapa Goma, na huandika makala za kucheka mambo ya watu. Mwaka huu, mwezi wa pili, wanafunzi wa meno wa chuo chetu walifanya siku ya kukagua vinywa vya wanafunzi wenzao. Binti yangu Grâce alikuwa mmoja wao. Mimi niliombwa kutoa neno la kufungua, maana naaminika kuwa ninachekesha. Nikawasema vijana wetu: biskuti asubuhi, chai yenye vijiko vitano mchana, muwa wa Sake jioni, na mswaki mmoja kwa chumba cha watu wanne. Nikasema vijana wetu wanamkimbia mganga wa meno kuliko wanavyoikimbia mitihani, kwa kuwa wanaamini anajua kazi moja tu, kung'oa. Walicheka vizuri. Nilipokuwa nashuka, Grâce alinizuia. Alikuwa na kijiti cha mbao mkono mmoja, simu yenye taa mkono mwingine. Nyumbani ananiita mama, lakini chuoni tumekubaliana aniite kama wengine.

"Madame, na wewe ukae."

"Mimi si mwanafunzi."

"Madame anaogopa," sauti moja ikatoka nyuma.

Nikakaa. Nikafungua kinywa mbele ya watu sitini. Grâce akainama, akasogeza mdomo kwa kijiti, akatazama kwa muda ambao sikuupenda.

"Fizi zinatoka damu," akasema. "Na hili jino la chini linacheza."

"Linacheza wimbo gani?" nikauliza, kijiti kikiwa mdomoni.

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Kijana aliyekuwa akijaza fomu akasema, "Niandike nini? Niandike Madame anakula wanafunzi?" Grâce hakucheka. Alishusha sauti.

"Madame, ulishapima sukari?"

"Sukari ninapima kila asubuhi. Kwa kijiko."

Wakacheka tena, na mimi nikashuka nikiwa nimeshinda. Nimeshinda mambo mengi kwa njia hiyo. Jioni, nyumbani, alinifuata jikoni nikichambua sombe, majani ya muhogo. "Sasa siko mwanafunzi wako, niko mtoto wako," akasema. "Ulishapima, ao hujapima?" Nikamwambia nilipima, na hapakuwa na kitu. Aliniamini. Mtoto niliyemfundisha mwenyewe kutoamini jambo lisilo na ushahidi aliniamini, kwa sababu mimi ni mama yake.

Pasaka, Furaha alishuka kutoka Masisi. Alikuja kwa pikipiki akiwa ameupakata mtungi wa maziwa ya kuganda, na alipofika alikuwa mweupe wa vumbi la njia ya Lac Vert. Furaha ni mjane. Anakamua ng'ombe wake mwenyewe, anatengeneza jibini, na ana ulimi. Alinitazama mlangoni kutoka juu hadi chini.

"Mama Grâce, umekuwa fimbo ya mwalimu. Kaka yangu hakupi chakula?"

Sasa hapa nieleze jambo ambalo kila mtu wa huku analijua. Kwetu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza. Anamimina, anakunywa kidogo mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Hakuna anayesema kwa nini. Ni adabu, na chini ya adabu hiyo kuna hofu ya sumu, ile tunayoiita karuho, ambayo kila ukoo una mtu wake aliyekufa nayo, au anayedhaniwa alikufa nayo. Furaha alimimina maziwa katika kikombe kikubwa, akakiinua mdomoni ili aonje. Mimi nikamshika mkono.

"Acha hayo," nikasema. "Sisi ni familia. Mambo ya kuonjana ni ya watu wanaoogopana."

Nililisema hilo kwa fahari. Sebule ilikuwa na majirani watatu, na nilitaka wasikie jinsi mwanamke aliyesoma anavyopokea maziwa. Furaha alisita, akamtazama kaka yake. Papa Grâce, mume wangu, akainua mabega. Basi akanipa kikombe bila kuonja, nami nikanywa, nikaomba cha pili.

Siku kumi baadaye, katikati ya somo, saa nne za asubuhi, jua likiwa limewaka, nilianza kutetemeka. Nilishika ubao. Chaki ilikatika. Nilihisi kama mtu amenipiga teke kiunoni upande wa kulia na kuacha mguu wake palepale. Kwa siku kadhaa mkojo ulikuwa umeniunguza na nilikuwa nimeamua kutousikiliza. Wanafunzi wawili walinishika mkono hadi barabarani, na katika pikipiki kila jiwe la lava la mtaa wetu liliniuliza jambo.

Dada yangu Masika alifika kabla ya saa sita. Yeye ni mkubwa wangu, ndiyo maana namwita yaya, anakaa Katindo, na amefanya biashara ya safari ndefu tangu nikiwa shule ya msingi, akileta maharage na mafuta kutoka Butembo katika barabara zilizomfundisha kutomwamini mtu. Aliweka mkono kwenye paji la uso wangu. Hakuuliza panauma wapi. Aliuliza:

"Ulikula kwa nani?"

Tukahesabu. Tulipofika kwa Furaha, alisimama.

"Alionja?"

"Hapana, yaya. Hakuonja."

Sentensi hiyo ina nusu ya pili, nanyi mnaijua. Sikuisema. Nilikuwa na homa, ndiyo, lakini homa haikunizuia kusema mengine mengi siku ile. Ukweli ni kwamba sumu ilinipendeza. Mtu anayelishwa sumu ni mtu anayeonewa wivu, mtu mwenye kitu. Anayeumwa sukari ni mtu aliyeambiwa arudi kesho asubuhi, naye hakurudi. Kati ya hao wawili, nilichagua kuwa yule wa kwanza.

Masika akaleta dawa ya kutapisha kutoka kwa mama mmoja mzee anayejulikana kwa kazi hiyo. Ilikuwa ya kijani, chungu, nzito kama rangi ya mlango. Grâce alisimama mlangoni. "Mama mukubwa, tumupeleke hospitali kwanza. Hii itamumaliza maji mwilini." Masika hakumtazama. "Wewe ni wa meno," alimwambia. "Meno yakianza kuumwa tutakuita."

Nilitapika siku mbili. Siku ya kwanza ilitoka kitu cheusi, na Masika akakichukua katika beseni kukionyesha kwa majirani kama mtu anayeonyesha nyoka aliyemuua. Nilikitazama kitu kile. Ilikuwa kahawa. Niliinywa asubuhi ile, niliijua kama ninavyojua mwandiko wangu. Sikusema neno. Papa Grâce alitazama beseni, akatoka nje, na nilimsikia akivuta kiti kwenye mawe ya uani akakaa. Alikuwa ametoka kuona, mbele ya majirani, ushahidi dhidi ya dada yake.

Siku ya pili jioni sikuweza tena kusimama, na mkojo ulikuwa umekuwa kidogo, rangi ya chai. Papa Grâce hakumwomba mtu ruhusa. Alinibeba mgongoni, mimi mwanamke mzima, hadi barabara kubwa palipo na gari.

Hospitalini walinichoma kidole na kile kidude kidogo kikakataa kuandika namba. Kilisema tu kwamba imepita kipimo chake. Daktari alikuwa kijana mwenye macho yaliyochoka. Kabla ya kugusa kiuno aliniambia nifungue kinywa. Akatazama fizi, akatikisa kichwa polepole, kisha ndipo akanigonga mgongoni kwa ubavu wa ngumi, nami nikalia kama mbuzi. Akasema figo zimeingiwa na wadudu, na sukari imewapikia. Masika alikuwa upande mmoja wa kitanda, mume wangu na Grâce upande wa pili.

"Mama, ulikuwa unajua uko na sukari?"

Watu wanne walinitazama.

"Hapana," nikasema. "Ni mara ya kwanza kusikia."

Masika akapiga makofi mara moja, taratibu. "Munaona? Sumu ya siku hizi inaamsha mpaka sukari. Mutu alikuwa muzima. Amekunywa maziwa ya ule mwanamuke, sukari imesimama." Daktari alijaribu kueleza. Lakini daktari alikuwa na maneno marefu, na Masika alikuwa na beseni. Kabla ya chupa ya kwanza ya serumu kuisha mkononi mwangu, habari ilikuwa imeshapanda Masisi.

Nililala pale siku kumi na moja. Sitawaeleza dawa, sina elimu yake. Nitawaambia tu kwamba siku zilihesabiwa kwa sindano: mbili za kuua wadudu, tatu za sukari, na kati yake chupa za serumu zikining'inia juu kama matiti ya mtu asiyeonekana. Miguu ilivimba hadi nikawa sina kifundo. Macho yaliona ukungu. Ulimi ulikuwa kipande cha kandambili. Siku ya tano nilikuwa nikila ndizi iliyopondwa, chakula cha mtoto wa miezi sita, na jino lile lililokuwa likicheza likabaki ndani ya ndizi. La pili lilifuata kesho yake, bila hata kusubiri chakula. Ninafundisha matamshi ya Kifaransa. Tangu siku hiyo wanafunzi wangu hujifunza herufi fulani kwa kukisia.

Huruma ilikuja kwa vipande vidogo. Mama wa kitanda cha pili, ambaye sikulijua hata jina, alinimiminia uji kutoka chupa yake kila asubuhi, na kabla ya kunipa aliuonja, akinitazama machoni. Kila mara nilitamani sakafu ipasuke. Grâce alikuja na mswaki laini na maji ya chumvi, akanisafisha fizi kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu. Hakuniuliza tena kama nilipima. Nadhani alikuwa amekwisha kujua, na alikuwa akinipa nafasi. Na mvua za mwisho za msimu zilipiga bati la hospitali kwa nguvu kiasi kwamba kwa saa nzima hakuna aliyeweza kuongea na mwingine, na hilo nililihesabu kama zawadi.

Nilirudi nyumbani kiangazi kikianza. Maisha yakawa Jumanne hadi Jumanne: kwenda kliniki saa kumi na mbili asubuhi bila kula, kuchukua namba, kukaa kwenye benchi refu ambalo watu wote huteleza kidogo kidogo kuelekea mlangoni kila mmoja akiitwa. Daktari alisema ukweli wake bila kuuremba. Sehemu ya figo haitarudi, wadudu wamekula upande wao na dawa ile ya kutapisha imekula upande mwingine. Nikishika sukari, iliyobaki itanitosha. Nisipoishika, kuna mashine, na mashine iko mbali.

Papa Grâce alinisindikiza kila Jumanne. Hatukuwa tukiongea sana. Tulikuwa tumekaa pale, katikati ya mwezi wa nane, namba ishirini na sita mkononi mwangu, wakati muuguzi mmoja mnene alipopita na trei, akarudi hatua mbili nyuma, akanitazama.

"Mama, wewe si wa Katoyi? Wewe si ule mama wa Kifaransa kizuri?"

Nilimtambua. Alikuwa amehama kutoka kile kituo kidogo.

"Nilikungojea wewe," akasema akicheka. "Nilikwambia urudi kesho bila kula. Nikasema huyu bado anafunga kula huko nyumbani. Ni miaka minne sasa, mama. Hukuwahi kusikia njaa?"

Watu wa benchi walicheka. Alinigusa bega, akaenda zake na trei yake. Hakuwa na ubaya wowote. Mimi nilibaki nikitazama namba yangu. Upande wangu wa kushoto Papa Grâce alikuwa ametulia kabisa, kama mtu anayesikiliza kitu ndani ya ukuta.

"Miaka ine," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mbele ya Pasaka ya mwaka huu."

"Ndiyo."

Wakaita namba ishirini na mbili. Benchi likateleza. Tukateleza nalo.

"Unajua Furaha anaishi namna gani kule?" alisema, akitazama mbele. "Hakuna mutu anakula kwa mukono wake. Jibini yake, watoto wanaambiwa wasiguse. Ubatizo wa mutoto wa jirani, wamemuambia abaki, wasaidizi wametosha. Mama yangu, mama aliyemuzaa, anapika chungu chake pembeni. Furaha anakula peke yake tangu Pasaka. Na kuna vijana wanapita mbele ya nyumba yake wakisema maneno. Mimi sikumutetea. Niliona ile beseni."

"Ilikuwa kahawa," nikasema.

Hakuniuliza nimejuaje. Aliinuka, akaenda kusimama dirishani, na alibaki huko hadi namba yangu ilipoitwa. Niliingia peke yangu. Katika miaka ishirini na mbili ya ndoa, sijawahi kuogopa mgongo wa mtu kama ule.

Nyinyi mnaosoma hili mkiwa na kadi iliyofichwa katikati ya nguo, sikilizeni jambo moja tu kutoka kwa mtu asiye daktari. Nilidhani siri ya ugonjwa ni mali yangu, kama vile mwili ni wangu. Sivyo ilivyo kwetu. Kwetu ugonjwa usiotajwa jina hutafutiwa mtu. Lazima awepo aliyeuleta. Msipousema nyinyi, jirani atausema, na atausema kwa jina la mtu ambaye yuko mbali na hawezi kujibu.

Jioni ile nilimwita Masika. Alikuja na kifurushi cha majani ya chai ya kienyeji. Alikuwa bado akinitibu karuho. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana nikikaa ningetafuta mzaha. Sukari, miaka minne. Kahawa. Mkono niliomshika Furaha alipotaka kuonja. Masika alisikiliza huku akikunja kitambaa chake mara nne, mara nane, hadi kikawa kidogo kama sabuni.

"Na ile dawa niliyokunywesha," akasema. "Daktari anasema ilifanya nini?"

Nilitaka kumdanganya. Nilikuwa na ujuzi.

"Ilisaidia kuharibu figo, yaya."

Kisha hasira ikaja, na nilifurahi ilipokuja, kwa sababu hasira yake ninaijua. "Miaka yote nilibeba magunia ili wewe usome," akasema. "Ukasoma. Ukasoma mpaka ukajua kunidanganya kwa luga tatu. Mimi nimetukana mutoto wa watu sokoni. Nimemutaja jina mbele ya batu ba Butembo. Sasa unataka nimupigie magoti?"

"Hapana. Nitapiga simu mimi. Nataka tu uwepo usikie."

Kule kwa Furaha rezo ya simu haifiki nyumbani. Watu hupanda kilima kidogo nyuma ya kanisa, na siku nzuri ni Jumapili baada ya misa, ambapo kijiji chote husimama pale na simu zao juu, kila mtu akimpigia wake wa mjini. Jumapili ya kwanza aliona jina langu akaacha simu ilie hadi ikakata. Nilijaribu mara tano. Papa Grâce alikuwa amekaa mezani, hakusema nijaribu wala niache. Juma lile lote alikula nasi bila kuniomba hata chumvi.

Jumapili ya pili, mwezi wa nane ukiisha, nilipiga tena. Masika alikuwa kwenye kochi na mkoba wake mapajani, kama mtu atakayeondoka wakati wowote. Grâce alikuwa ameegemea mlango. Niliweka simu mezani, nikaifungua sauti ili wote wasikie. Ililia mara sita.

"Alo."

"Furaha, ni mimi. Mama Grâce."

"Najua ni wewe. Jina linaandikwa." Upepo ulikuwa mkali upande wake, na nyuma ya upepo kulikuwa na sauti za watu wengi. "Umepona?"

"Napona kidogo."

"Mungu asifiwe. Sema, chaji ya simu yangu ni kidogo, hii betri ni ya kuazima."

Nilikuwa nimeandika sentensi tatu nzuri kwenye karatasi. Zilikuwa na 'kwa bahati mbaya' na 'hali ya kutoelewana'. Niliigeuza karatasi.

"Niko na sukari," nikasema. "Niko nayo tangu miaka minne. Mbele ya Pasaka, mbele ya maziwa yako. Nilijua, nikaficha. Ulitaka kuonja, mimi nikakushika mkono, ni mimi nilikukataza. Ile kitu nyeusi niliyotapika ilikuwa kahawa yangu. Haukunipa sumu. Haukunipa kitu kibaya hata siku moja."

Upepo ulivuma. Nilidhani simu imekata. Papa Grâce alikuwa ameinua kichwa.

"Ngoja," Furaha akasema. "Mama yuko hapa, hajasikia. Naweka simu ipige kelele." Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti za watu zikawa karibu zaidi. "Mama, sogea. Ni Goma. Sema tena, Mama Grâce."

Nikasema tena. Sukari, miaka minne, mkono, kahawa. Mama mkwe wangu alikohoa. Akauliza kitu kwa sauti ndogo, na Furaha akamjibu, "Ndiyo, ni yeye mwenyewe, si mutu anamusemea."

"Furaha, nisamehe," nikasema.

"Ngoja kwanza. Mama wa kwaya anakuja huku. Yeye ndiye alisema nisiguse sufuria za ubatizo. Mama wa kwaya, kuja usikie wifi yangu. Sema tena."

Nikasema tena. Nilisikia mtu akisema "Eh," kwa urefu, na mwingine akiuliza, "Ni nani?" na mwingine, "Ni ule mwalimu wa Goma." Masika alishuka kutoka kwenye kochi. Alikuja mezani, akainama juu ya simu, akasema, "Furaha, hapa ni Masika. Anayosema ni kweli. Na yale niliyosema mimi sokoni hayakuwa kweli." Kisha akarudi kukaa, na mkoba wake ulikuwa umeanguka chini, na hakuuokota.

"Nimesikia, mama Masika," Furaha akasema. "Kuna wale vijana pale chini ya msalaba. Wale wanaopitaga kwangu. Mama Grâce, kule hawasikii. Upepo ni mwingi. Sema kwa nguvu."

Nilisimama. Kiuno kiliniuma kama kinavyoniuma hadi leo nikisimama haraka. Dirisha lilikuwa wazi, majirani wale watatu walikuwa uani kwao wakianika nguo, na niliwaona wakigeuka. Nikasema yote kwa sauti ya darasani, herufi zikinitoka katika pengo la meno, neno kwa neno, tangu sukari hadi kahawa, na jina langu kamili mwanzoni.

Upande wa pili upepo uliendelea kuvuma.

"Basi," Furaha akasema. "Wamesikia."

Akakata simu.